Uso wa saa nilioutupa

Nilikuwa na mwaka wa pili tu kwenye meza ya ufundi nilipoletewa kronografu, yaani saa yenye kipima muda ndani yake, ya chuma cha pua, ya kutia ufunguo kwa mkono, ambayo uso wake mweusi ulikuwa umegeuka kahawia kwa jua na miaka. Mzee mwenye saa aliivua taratibu, akailaza juu ya kitambaa changu, akasema, "Fundi, nataka iwe kama siku niliyoinunua." Nikamsikiliza. Nikaagiza uso mpya na mishale mipya, bodi nikaipeleka kwenye gurudumu la kung'arishia mpaka kingo zake kali zikalainika kama kipande cha sabuni kilichokwisha nusu. Uso wa zamani niliutupa kwenye ndoo pamoja na pamba zenye mafuta. Mzee alifurahi, akaniongezea na cha juu.

Miaka kadhaa baadaye nikafungua katalogi ya mnada na kukuta uso wa namna ileile, kahawia ileile, umepewa ukurasa mzima peke yake. Wakusanyaji huuita uso wa "tropiki", na huulipia kuliko ule uliobaki mweusi. Niliifunga katalogi nikaenda kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Nasimulia haya kwa sababu haipiti wiki bila mtu kuniuliza saa gani ya kisasa ainunue leo, ili kesho kutwa igombaniwe na wakusanyaji. Wengi huja na jibu lao tayari: ile yenye orodha ndefu ya kusubiri. Mimi nimekuja kuamini karibu kinyume chake, na imani hiyo ilianzia kwenye ndoo. Saa nyingi zinazogombaniwa sasa ni zile ambazo wakati wake hakuna aliyeona sababu ya kuzihifadhi.

Chukua Daytona, kronografu ya Rolex. Ilipotoka mwaka 1963 haikuwa na foleni yoyote. Baadhi zilipewa uso wa mapambo, vijiduara vyake vikiwa na rangi tofauti na alama zenye vimraba kwenye ncha, na hizo ndizo zilizododa zaidi kwenye makabati ya wauzaji. Ilikuwa saa ya kutia ufunguo kila siku, wakati watu walikuwa wakitaka inayojitia yenyewe, na baadaye kidogo wakataka ya betri. Mwigizaji Paul Newman alipewa ya kwake na mkewe, Joanne Woodward, ikiwa imechorwa mgongoni maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Oktoba 2017 saa hiyohiyo iliuzwa na nyumba ya minada ya Phillips mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni jina la aliyeivaa, sibishi. Lakini hata zile ambazo hazikuvaliwa na mtu yeyote maarufu zimepanda mno, na sababu yake haina utamu wa hadithi: hazikununuliwa, basi hazikutengenezwa nyingi.

Royal Oak ya Audemars Piguet ilipokewa hivyohivyo mwaka 1972. Chuma cha pua kwa bei ya kuzidi saa nyingi za dhahabu, skrubu nane zimeachwa wazi juu kama mlango wa meli, nani angeitaka? Mchoraji wake, Gérald Genta, ndiye aliyechora pia Nautilus ya Patek Philippe ya mwaka 1976. Hizo mbili nitaziacha hapo. Anayezinunua leo kwa matumaini ya kuvumbua kitu anapanda basi ambalo limeshafika mwisho wa safari.

Sasa, kubashiri kwa saa za leo kuna ugumu ambao sisi wenye bisibisi tunauona kabla ya wanunuzi. Saa za zamani zilizeeka. Rangi ya kung'aa gizani ilikuwa ya radiamu, kisha ya tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, na ikifa huacha madoa ya rangi ya krimu au ya asali. Bezeli, ile pete inayozunguka kioo, ilikuwa ya alumini iliyotiwa rangi. Ikipigwa na jua, nyekundu ikawa waridi na nyeusi ikawa kijivu. Kila saa ikapata makunyanzi yake. Unaweza kuletewa saa mbili za namba moja, mwaka mmoja, ukazitofautisha hata ukiwa na usingizi.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 watengenezaji wakahamia rangi ya LumiNova, ambayo haina mionzi na haigeuki rangi namna ile. Mwaka 2005 Rolex ikaanza kuweka bezeli za kauri, na kauri jua haliiwezi. Kioo ni cha yakuti, hakichuniki ovyo. Nimewahi kuwa na Submariner mbili za kauri, saa za Rolex za wapiga mbizi, mezani siku moja, moja ya mtu anayepiga mbizi nayo, nyingine ya mtu aliyeifungia kwenye sefu. Baada ya kuziosha ilibidi nitazame namba zake za utambulisho na mikwaruzo ya mkanda nijue ipi ni ya nani. Usoni zilikuwa mapacha. Sasa mkusanyaji wa mwaka 2070 atashika nini, ikiwa nyuso zote zitakuwa changa?

Nadhani atashika makosa.

Tayari tuna mfano wa makosa kugeuka dhahabu. Daytona ya kujitia ufunguo yenyewe ilianza mwaka 1988, ikiwa na mashine iliyojengwa juu ya ile ya kampuni ya Zenith, iitwayo El Primero. Baadhi ya nyuso nyeusi za katikati ya miaka ya 1990 zilipakwa vanishi ambayo haikulinda vizuri zile pete za rangi ya fedha kwenye vijiduara, zikaanza kugeuka kahawia. Ungetazamia mwenye saa airudishe kiwandani kwa hasira. Leo zinaitwa "Patrizzi", kwa jina la Osvaldo Patrizzi, mtu wa minada, na pete zinavyozidi kuwa kahawia ndivyo bei inavyopanda. Kila nikiwaza ndoo yangu huwa nawaza na hizo.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kutaja saa moja tu ya karne hii, nataja Explorer ya Rolex iliyotoka mwaka 2010. Tangu zamani Explorer ilikuwa ya milimita 36. Mwaka huo wakaikuza hadi 39, lakini mishale haikukua na bodi. Mshale wa dakika unakomea njiani, haujaufikia mstari wa dakika, kama mtu mfupi anayenyoosha mkono kabatini. Namba 3, 6 na 9 zilikuwa dhahabu nyeupe tupu, haziwaki gizani hata kidogo. Watu walilalamika. Mwaka 2016 kampuni ikatoa nyingine yenye mishale mirefu na minene, na namba zikatiwa rangi ya kuwaka. Mwaka 2021 milimita 39 yenyewe ikaondolewa, tukarudi 36.

Tazama basi tulicho nacho: saa iliyotengenezwa kwa takriban miaka sita, yenye kasoro ambayo hata mtoto ukimwonyesha ataiona, na ambayo kampuni ilikiri kwa vitendo kwamba ilihitaji kusahihishwa. Mimi ninayo. Niliinunua kwa mteja aliyekuwa akiionea haya na kutaka fedha za kuongezea apate ya mishale mirefu. Kila asubuhi naitazama ile nafasi ndogo kati ya ncha ya mshale na mstari, na inanipendeza kama mwanya kwenye meno ya mtu umpendaye.

Kuna atakayesema hizo si chache. Ni kweli, Rolex hukadiriwa kutengeneza zaidi ya saa milioni 1 kwa mwaka, na hakuna Explorer itakayokuwa adimu kama Daytona zile. Lakini kila moja itakayokwenda ukarabati na kurudi na mishale ya mtindo mpya imetoka kwenye hesabu. Uchache wa kesho hutengenezwa na mafundi wa leo. Nimeshiriki katika uzalishaji huo, ninajua.

Kwa jicho hilohilo naitazama Submariner ya mwaka 2003, iliyotolewa Submariner ilipotimiza miaka 50, yenye bezeli ya kijani. Waliibatiza Kermit, yule chura wa televisheni, na jina lilianza kama kejeli. Iliondolewa mwaka 2010. Bezeli yake ni ya alumini, maana yake bado inaweza kupauka, na hiyo inaifanya kuwa miongoni mwa za mwisho wa ukoo wake kupata haki ya kuzeeka. Za mwanzo kabisa zina namba 4 yenye kichwa bapa kwenye 40. Wajuzi wameshaigundua, ila wengi bado wanaipita.

Milgauss ninaipenda zaidi. Jina lake linatokana na gausi 1,000, kiasi cha sumaku ambacho iliundwa kukistahimili, kwa ajili ya watu wa maabara. Ilizaliwa miaka ya 1950, ikafa, ikafufuliwa mwaka 2007 ikiwa na mshale wa sekunde wenye umbo la radi, rangi ya chungwa, na nyingine zikiwa na kioo chenye ukijani pembezoni. Mwaka 2023 ikaondolewa kimyakimya. Sijawahi kuona Rolex nyingine ya chuma iliyopata wapenzi wachache hivyo kwa miaka mingi hivyo. Walioniletea wote walikuwa watu wa aina moja: waongeaji, hawajali, mmoja wao alikuwa na penseli sikio moja na nyingine sikio la pili. Saa yenye watu wa namna hiyo huwa haifi.

Kuna na zile Oyster Perpetual za mwaka 2020 zenye nyuso za rangi. Ya manjano na ya nyekundu ya matumbawe ziliondolewa mwaka 2022, miaka miwili tu. Saa ya bei ya chini kabisa kwa kampuni hiyo, rangi mbili, muda mfupi. Sihitaji kueleza zaidi. Na Day-Date ya mwaka 2023 ambayo uso wake ni vipande vya fumbo la kuunganisha, tena badala ya siku za wiki inaandika maneno kama amani na shukrani kwa Kiingereza, na badala ya tarehe inaonyesha vikaragosi 31 vya simu. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka mpaka lenzi ikaniponyoka jichoni. Kisha nikakumbuka nani mwingine alichekwa, mwaka 1972, nikaokota lenzi yangu nikanyamaza.

Nisichokiamini ni "toleo maalumu". Mtu ananionyesha saa yake imeandikwa mgongoni moja kati ya 500, macho yanamng'aa. Bwana, hao wengine 499 nao wameitia kwenye sefu! Hakuna atakayeizamisha baharini wala kuiponza kwa fundi kijana. Mfano mkubwa ni Nautilus 5711. Ilianza mwaka 2006, Patek Philippe wakatangaza kuiachisha mwaka 2021, na Desemba ya mwaka huo wakatoa 170 zenye uso wa buluu ya Tiffany, wauza vito. Moja iliuzwa mnadani mwezi huohuo kwa takriban dola milioni 6.5. Ni saa nzuri, lakini ilizaliwa ikiwa imeshakusanywa. Hakuna cha kugundua. Bei za saa nyingi za chuma zilipaa mwaka ule na mwanzoni mwa 2022, kisha zikashuka, na waliozinunua kileleni ninawajua kwa sauti tu. Hupiga simu kuuliza kama nina mtu.

Kuna kipimo cha pili ninachokitumia, nacho ni cha ubinafsi wa fundi: je, itafunguka?

Saa itakayokusanywa baada ya miaka 50 lazima mtu aweze kuitia uhai tena. Shaba ninaweza kuichonga. Jino la gia likivunjika, nikiwa na subira na mashine ndogo ya kukerezea, nitatengeneza jingine. Ndiyo maana Datograph ya A. Lange & Söhne, iliyotoka mwaka 1999, siiogopei. Ilitoka na mashine ya kronografu iliyobuniwa na kutengenezwa nyumbani kwao, wakati hata Patek Philippe ilikuwa bado ikijenga kronografu zake juu ya mashine ya msingi ya kampuni nyingine, Lemania. Ukigeuza mgongo wake unaona mji mzima: wenzo juu ya wenzo, kila ukingo umelainishwa kwa mkono. Kampuni yenyewe ilifufuliwa na Walter Lange mwaka 1990 baada ya Ujerumani Mashariki kuimeza kwa miongo minne. Niliwahi kuifungua moja, kwa woga, na sikula mchana ule.

Silikoni ni habari nyingine. Freak ya Ulysse Nardin, ya mwaka 2001, haina uso, haina mishale ya kawaida, haina hata kifundo cha kutilia ufunguo; mashine yenyewe ndiyo inayozunguka na kuonyesha dakika. Ludwig Oechslin aliyeiunda aliweka ndani yake silikoni kwenye ile sehemu inayoachia nguvu ya springi kidogo kidogo na kutoa mlio wa tiki-taki. Ilikuwa ya kwanza, na leo silikoni imo kwenye saa za makampuni makubwa kadhaa. Haitaki mafuta, haishikwi na sumaku. Lakini ikivunjika inavunjika kama biskuti, na mimi siwezi kuichonga. Hutengenezwa kwa njia zilezile za vijenzi vya kompyuta. Hata hivyo Freak ninaiweka juu sana. Ya kwanza ni ya kwanza, na watu watakubali kuwa nayo hata ikiwa imesimama.

Spring Drive ya Seiko inanitia kwenye mashaka matamu. Mhandisi Yoshikazu Akahane aliwaza mwaka 1977 saa inayosukumwa na springi lakini inayodhibitiwa na kioo cha kwatzi, bila betri. Alifariki mwaka 1998, na saa ikatoka mwaka 1999. Mshale wake wa sekunde haurukiruki. Unateleza bila kusita, na ukiutazama sana unasahau ulichokuja kufanya. Grand Seiko, ya daraja la juu la Seiko, yenye uso mweupe unaofanana na theluji iliyopigwa na upepo ndiyo inayojulikana zaidi. Ndani kuna kijenzi cha elektroniki. Kikifa, nani atakitengeneza? Ninamwachia fundi wa kesho swali hilo, na ningenunua moja leo kama ningekuwa na nafasi.

Apple ilitoa saa ya dhahabu ya karati 18 mwaka 2015, nyingine zikifika dola 17,000. Mwaka 2018 programu mpya ya saa zao ikaiacha nyuma. Imebaki kipande cha dhahabu chenye kioo. Huenda ikakusanywa, ila kama watu wanavyokusanya simu za zamani.

Watengenezaji wadogo wanaojitegemea, nina machache ya kusema kwa sababu sijazigusa nyingi. Za F.P. Journe za mwanzo zilikuwa na mashine za shaba. Kuanzia mwaka 2004 akahamia dhahabu ya waridi, na sasa wakusanyaji wanazikimbilia zile za shaba. Kijana Rexhep Rexhepi na Chronomètre Contemporain yake ya mwaka 2018 ndiye ninayemtazama kwa karibu. Saa za mtu mmoja zina hatari yake, mwenyewe akiondoka hakuna ghala la vipuri, lakini zimetengenezwa kwa vyuma na kwa mikono, na kilichofanywa kwa mkono mkono mwingine utakifuata.

Wiki iliyopita alikuja kijana na Explorer ya mwaka 2013. Mishale mifupi. Alikuwa ameshapata mishale mirefu mahali fulani, kwenye kikaratasi, akaiweka mezani. "Fundi, nibadilishie. Hii inanikera, najiona kama nimevaa suruali ya mdogo wangu."

Nilimweleza. Nikavua yangu nikamwonyesha. Nikamsimulia mpaka habari za ndoo. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Nimekuelewa, Fundi. Ila nibadilishie."

Saa ni yake. Nikabadilisha. Mishale mifupi nikaitia kwenye bahasha ndogo, nikaandika juu namba ya saa na tarehe, nikamwambia popote saa itakapokwenda, hii iende nayo. Akaitikia, akaitazama saa yake kwa furaha, akalipa, akatoka.

Bahasha akaiacha mezani. Nimempigia mara mbili, anasema atapita.